Leya na unene wa mistari: fundi aone ukuta kwanza

Niliwahi kuchora plani ya nyumba ya Ruai, nikatuma nakala ya A3 saiti. Nilipofika, vijana walikuwa wamechimba mtaro wa msingi milimita 600 nje ya ukuta. Walikuwa wamefuata ukingo wa paa. Kwenye karatasi mstari ule ulikuwa mnene sawa na ukuta, na vipande vyake vilibanana hadi ukaonekana mzima. Fundi alisoma nilichomchorea. Tangu siku hiyo, katika AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, nafanya hivi.

Hatua ya 1. Kabla ya mstari wowote, andika LA, bonyeza Enter, ufungue leya, yaani matabaka ya mchoro, kulingana na vitu vya jengo: A-UKUTA, A-MLANGO, A-DIRISHA, A-PAA, A-SAMANI, A-VIPIMO. Kumi hivi zinatosha nyumba ya kawaida. Ofisi ikiwa na majina yake, kama A-WALL, fuata yao. Leya 0 iachie bloku, yaani mchoro uliofungwa pamoja ili utumike tena na tena: mlango uliochorwa humo hupokea rangi na unene wa leya utakayouweka. Leya ya Defpoints, ambayo AutoCAD huiunda yenyewe ukiweka vipimo, usichoree kabisa, haitoki kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Sasa unene, na hapa usiharakishe. Plani ni nyumba iliyokatwa kwa kisu yapata mita 1.2 juu ya sakafu. Kwa kila mstari jiulize kisu kimepita wapi. Kilichokatwa, yaani ukuta wa mawe na nguzo, kipe milimita 0.50. Kinachoonekana chini ya kisu, kama ngazi na kaunta ya jikoni, 0.25. Samani na vipimo 0.18, vigae 0.13. Kilicho juu ya kisu, kama ukingo wa paa, 0.18 tena kwa mistari ya vipande, aina ya HIDDEN.

Namba hizi ni za kalamu za wino za zamani: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.50, kila moja karibu mara 1.4 ya iliyoitangulia. Karatasi ya A1 ikipunguzwa kuwa A3, kila unene hubaki nusu: 0.50 inakuwa 0.25, na 0.13 inakaribia kupotea. Kama saiti itatumia A3 iliyopunguzwa, vigae vipandishe hadi 0.18 na samani hadi 0.25. Ukuta uache pale pale. Bado utakuwa mnene mara mbili ya samani.

Hatua ya 3. Rangi, aina na unene wa kila kitu viwe ByLayer, yaani vifuate leya. Faili uliyorithi ikiwa imevurugika, andika SETBYLAYER na uchague vyote, virudi kufuata leya.

Hatua ya 4. Mipangilio ya ukubwa wa vipande vya mistari, LTSCALE na PSLTSCALE, iweke 1, kisha andika REGENALL mchoro ujichore upya. Hapo vipande vya mstari wa paa vitakuwa na urefu uleule kwenye karatasi, iwe dirisha la layout, yaani ukurasa wa kuchapisha, ni 1:50 au 1:100. Hiki ndicho nilichokosa kule Ruai.

Hatua ya 5. Chapisha kwa monochrome.ctb, faili ya mtindo wa uchapishaji inayogeuza rangi za namba, 1 hadi 255, kuwa nyeusi na kuheshimu unene wa leya. Toa ukurasa mmoja tu wa A3. Usiukague mezani, uweke sakafuni, simama, utazame kama fundi anavyoutazama juani, karatasi ikiwa juu ya rundo la mawe. Jicho likifika kwenye kochi kabla ya ukuta, rudi LA, punguza A-SAMANI, utoe ukurasa mwingine.