SOMO: Namna ya kumchunguza karpu mla-nyasi, kuanzia meno hadi mayai (maswali yapo chini)

Wakuu, salaam. Samaki aitwaye karpu mla-nyasi kuna wanaomsifu kuwa anafyeka magugu majini, na kuna wanaomwita janga. Wote wana sababu. Jina lake la kitaalamu ni Ctenopharyngodon idella, na kwao ni mito mikubwa ya Asia Mashariki, kuanzia Amur kule mpakani mwa Urusi na China hadi kaskazini mwa Vietnam. China peke yake huzalisha zaidi ya tani milioni 5 kwa mwaka kwa kufuga. Marekani walimleta mwaka 1963, kwenye vituo vya Auburn (Alabama) na Stuttgart (Arkansas), wakitaka apunguze magugu. Muongo ule haukuisha akawa ameshatorokea mitoni, na leo anawaumiza vichwa Ziwa Erie, mojawapo ya Maziwa Makuu ya Marekani.

Nitatumia Erie kama mfano wetu, maana kule kisa chake kimefuatiliwa hatua kwa hatua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: watu wanahangaika na tumbo la samaki huyu, ilhali mambo mazito yako kwenye yai lake.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Mwangalie mdomo. Karpu wa kawaida ana sharubu nne. Huyu hana hata moja. Magamba yake ni makubwa na kila moja lina ukingo mweusi, hivyo ubavuni anaonekana kama amefunikwa wavu. Pezi la mgongoni ni fupi.

Anayechanganya watu ni ndugu yake, karpu mweusi. Kwa nje wanafanana sana, basi mpasue nyuma ya matamvua utazame meno ya koromeo. Mla-nyasi ana meno yenye mifereji na kingo za msumeno, ya kukatia majani. Karpu mweusi ana meno bapa kama magego, ya kuvunjia konokono. Ukishayaona meno, ubishi umekwisha.

Hatua ya 2: Pima anachokula na anachotoa

Samaki huyu hana tumbo la kusagia, na utumbo wake ni mfupi kwa mla majani. Ndiyo maana karibu nusu ya anachomeza hutoka bila kumfaidisha. Kwenye maji ya nyuzi 25 hivi, samaki mdogo anaweza kula kwa siku majani mabichi yanayokaribia uzito wa mwili wake. Maji yakishuka karibu na nyuzi 10 anaacha kula kabisa au anagusagusa tu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Pima majani, yaweke kwenye tangi au kizimba chenye samaki, kisha pima yaliyobaki. Lakini lazima uwe na kizimba kingine chenye majani yaleyale bila samaki, kwa sababu majani hukatika na kuoza yenyewe. Ukiruka hilo, utamsingizia samaki majani ambayo hakuyala.

Usisahau kinyesi. Rutuba iliyokuwa imefungwa ndani ya mimea inarudi majini, mwani unastawi, maji yanageuka kijani. Mwenye bwawa aliyetaka maji safi anabaki na maji yasiyo na magugu lakini machafu.

Hatua ya 3: Soma umri na asili yake kwenye jiwe la sikio

Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vidogo vya chokaa vinavyokua kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka. Kwa jamii ya karpu, kile kijiwe kinachotumika kwa samaki wengine ni chembamba kama sindano, kwa hiyo wataalamu wengi hutumia kile kiitwacho lapilasi. Kinakatwa, kinasuguliwa hadi kiwe chembamba, kisha kinawekwa chini ya darubini.

Utamu wa hatua hii uko kwenye kemia. Mwaka 2012 samaki wanne wadogo walinaswa kwenye Mto Sandusky, jimbo la Ohio, unaoingia Ziwa Erie. Swali likawa: wametoroka kwenye mabwawa ya wafugaji, au wamezaliwa mtoni? Miamba ya eneo lile huufanya mto uwe na strontiamu (madini yanayofanana kitabia na kalisiamu) nyingi kuliko kawaida, na samaki akikulia humo strontiamu hiyo huingia kwenye kijiwe chake pamoja na kalisiamu. Watafiti walipopima tabaka za vijiwe, alama zikaonyesha maisha ya mto wenyewe. Ripoti ilitoka 2013: samaki huyu ameshaanza kuzaliana kwenye maji yanayoingia Maziwa Makuu ya Marekani.

Hatua ya 4: Usimfuate samaki, fuata mto

Jike moja hutaga mayai laki kadhaa, hata kupita milioni. Yakishatoka hunywa maji na kuvimba kutoka milimita 2 hivi hadi kama 5. Hayana gundi, hayashiki jiwe wala jani. Yanachukuliwa na mkondo, na yakitua kwenye tope kabla ya kuanguliwa mengi hufa. Kuangua huchukua siku moja hadi mbili na ushee, kutegemea joto.

Kwa hiyo mtafiti anapima joto la maji (utagaji unaanza nyuzi 17 au 18 na kuendelea), kupanda kwa mto baada ya mvua, kasi ya mkondo na urefu wa mto usio na kizuizi. Kisha anatega nyavu za matundu madogo sana mto ukiwa umejaa. Zamani iliaminika kwamba lazima uwe na kilomita 100 za mto. Hesabu za baadaye zikaonyesha hata 25 zinaweza kutosha, na mwaka 2015 mayai manane yakanaswa Sandusky. Manane tu, lakini yalitosha kuondoa shaka.

Hatua ya 5: Pima kama ni tasa

Samaki wa kawaida ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 48. Mayai yakibanwa kwa shinikizo kubwa dakika chache baada ya kurutubishwa, hutoka samaki wenye kromosomu 72 ambao ni tasa. Kupima ni tone la damu: kiini cha seli nyekundu ya samaki tasa ni kikubwa zaidi, na mashine hupima hilo haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mwanza: Mkuu, kwa nini tusimlete Ziwa Victoria amalize magugu-maji?

Jibu: Kwa sababu hayapendi. Yeye anataka mimea laini inayoota chini ya maji. Atakula ile ambayo vifaranga wa sato wanajifichia, magugu-maji atayaacha yanaelea. Na kuna mito mirefu inayoingia ziwani. Rudi Hatua ya 4. Sisi sangara ametufundisha vya kutosha.

Mfugaji, Morogoro: Nikimweka bwawani na sato atazaliana akajaa?

Jibu: Bwawani hazaliani, hakuna mkondo. Vituo vya vifaranga humchoma sindano ya homoni ndipo atage. Ila uliza kwanza idara ya uvuvi kuhusu kibali, na wavu wa mlango wa maji usiwe na tundu: bwawa likifurika, ndugu yangu, hatakuaga.

Mwanafunzi: Shikamoo mwalimu. Kama wakiwa tasa tatizo limekwisha?

Jibu: Marahaba. La kuzaana limekwisha, la kula liko palepale. Samaki tasa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na miaka yote hiyo anakula.

Mdau mwingine: Mbona nasikia China wanafungua maji ya bwawa ili azae, wakati Marekani wanamvua wammalize?

Jibu: Ni kweli. Bwawa kubwa la umeme la Three Gorges lilipoanza kujazwa 2003, utagaji wa karpu wa asili Mto Yangtze uliporomoka, kwani mafuriko yaliyokuwa yanawaamsha yalipungua. Tangu 2011 wanaachia maji kwa makusudi kati ya Mei na Juni hivi ili mto upande. Ohio nao wanaangalia mto ukipanda, ila wao ili wajue wapi pa kutupa nyavu usiku huo.