Anza na njia, mwisho wa safari ufuate

Mtu huamua kwanza anakokwenda, kisha apitie wapi. Lakini nikitengeneza modeli ya watembea kwa miguu, yaani hesabu ya kukadiria watu wangapi watapita wapi, mimi huanza na njia, maana ugumu wa njia ndio unaomfanya mtu aghairi kwenda mahali.

Tembea eneo lote mwenyewe ndipo uchore mtandao wa njia. Modeli yangu ya kwanza ilisema nyuma ya ukuta fulani hapiti mtu. Nilipokwenda kusimama pale nikakuta nyasi zimekufa kwa kukanyagwa, udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, na watu wanapishana. Njia ile ya mkato haikuwamo kwenye ramani ya barabara niliyoitegemea.

Kila kipande cha njia kipe gharama inayopimwa kwa mita: urefu wake ukijumlisha kero zake. Mwendo wa kawaida wa mtu mzima ni kama mita 1.34 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri sekunde 60 kwenye kivuko ni sawa na kuongezewa mita 80. Ngazi, giza na kona nyingi navyo vina bei yake. Algoriti (kanuni ya hesabu ya hatua kwa hatua) ya Dijkstra, ya mwaka 1959, itakutafutia njia nafuu kuliko zote. Ila si wote watakaoifuata. Gawa watu kwenye njia kadhaa, na njia mbili zinazopita pamoja kwa sehemu kubwa usizihesabu kama njia mbili kamili.

Sasa mwisho wa safari. Chukua maduka 20 yaliyo mita 300, na mengine 40 yaliyo mita 600. Uzito wa kila mahali, yaani mvuto wake, ni idadi ya maduka mara e (namba ya hisabati, kama 2.718) yenye kipeo cha −0.003 × umbali kwa mita; watu wagawe kulingana na uzito huo. Mahali pa karibu panapata asilimia 55 ya watu. Weka kivuko kile cha sekunde 60 njiani kuelekea huko, umbali uwe mita 380: panashuka hadi asilimia 49. Maduka ni yale yale, kilichobadilika ni taa ya barabarani!

Hiyo −0.003 ni ya mfano tu. Ya kwako itoe kwa kuhesabu wapitao kwenye kona mbalimbali, siku na saa tofauti. Nusu ya kona ziweke kando usizitumie kupanga namba. Ndizo za kuijaribia modeli. Pale inapokosea sana, kabla hujagusa namba yoyote, nenda ukasimame hapo saa nzima, uangalie watu wanatokea wapi.