SOMO: Umeletewa barua kwamba umegawa nyimbo mtandaoni (walioko Marekani)

Wakuu, kila wiki naulizwa "nitafungwa?" Naandika mara moja, wengine waelekezeni hapa. Kesi hizi karibu zote ni za madai, wanataka hela, sio jela.

1. Angalia barua imetoka kwa nani. Kama ni onyo tu la kampuni ya intaneti, acha kushea, basi.

2. Usifute chochote kwenye kompyuta.

3. Kama kampuni yako ya intaneti inakwambia mahakama imeiagiza itoe jina lako, hapa ndo watu wanapoharibu. Mwaka 2003 RIAA, chama cha makampuni ya muziki, walikuwa wanachukua majina kwa muhuri wa karani tu, hakuna jaji aliyeangalia, Verizon (kampuni ya intaneti) wakagoma na Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa Washington ikasema njia hiyo haitumiki kwa kampuni inayopitisha data tu. Tangu hapo inabidi wafungue kesi kwanza dhidi ya "John Doe" (jina la kubuni la mtu asiyejulikana bado) ndo waombe ruhusa kwa jaji. Barua yako ina tarehe ya mwisho ya kupinga, ikipita jina linatoka. Na USIMPIGIE wakili wao kujieleza! Ukisema "labda ni mdogo wangu" ushawapa ushahidi.

4. Ukikabidhiwa samansi una siku 21 kujibu. Ukinyamaza wanaweza kupewa ushindi bila wewe, na sheria inaruhusu dola 750 hadi 30,000 kwa wimbo mmoja, ikionekana ni makusudi hadi 150,000. Jammie Thomas wa Minnesota, nyimbo 24, aliishia kudaiwa dola 222,000.

5. Wana miaka 3 tu ya kufungua kesi.

MASWALI

– Mkuu nisipojibu samansi inakuwaje?
Namba 4. Soma.

– Nifupishie basi, ndefu sana
Hela ni yako, kaka. Soma.

– Waifai yetu wanatumia hadi wapangaji, ila bili ina jina langu. Nimekwisha?
Hapana dada, swali zuri sana. Kuna mwenye nyumba ya kulea watu wazima Oregon alishtakiwa kwa kushea filamu, wakaaji na wageni wote waifai moja. 2018 mahakama ya rufaa ikasema jina kwenye bili peke yake halitoshi, walete kingine. Ila hukumu hiyo inabana majimbo ya magharibi tu, kwingine mwambie wakili aitaje kama mfano.

– Na sisi wa Ujerumani?
Huko barua inakuja na karatasi ya ahadi kwamba hutarudia, usiisaini kama ilivyo, mpe wakili airekebishe. Tangu 2013 ada ya wakili wao kwa mtu binafsi kwa kawaida inapigwa kama vile dai lina thamani ya yuro 1,000 tu (sio kwamba ada ni 1,000), ila fidia ya nyimbo wanadai pembeni, kwa hiyo angalia mistari hiyo miwili kila mmoja peke yake.