Kutafuta na Kuziba Ufa kwenye Kayaki ya Plastiki

Kabla ya kushika kisu au moto, hakikisha kwamba kayaki yako inavuja kweli. Kikombe kimoja cha maji baada ya siku nzima Naivasha huenda kilidondoka kutoka kwenye kafi na nguo zako. Tena, kayaki iliyofungwa vizibo vyote na kupigwa na jua juu ya gari tangu Nairobi, ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kufyonza maji kupitia upenyo ambao siku nyingine usingepitisha hata tone. Lakini ukimwaga lita 3 au 4 kila unaporudi ufukoni, hapo pana kasoro.

Njia ninayoiamini ni kutia maji ndani na kuyatazama yakitoka nje. Ilaze kayaki juu ya matairi mawili makuukuu, ikaushe kabisa kwa nje, kisha mimina ndani mtungi mmoja wa lita 20. Usizidishe, kwa kuwa kila lita ni kilo moja, na chombo kizito kinachoegemea sehemu mbili tu hupinda na kuurefusha ufa wenyewe. Inamisha upande wa tezi, yaani nyuma ya kayaki, subiri dakika 10, halafu pitisha karatasi ya shashi polepole chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwani karatasi hiyo huonyesha unyevu kabla jicho halijauona. Fanya vivyo hivyo kwa omo, yaani mbele, na kwa kila ubavu, ukizungushia kalamu ya wino kila palipolowa. Maji hayo yahifadhi ya chooni. Katika mitaa yetu ya mgao ni dhambi kuyamwaga mtaroni.

Ikiwa hakuna kilicholowa, paka povu la sabuni kwa nje na uingize hewa kwa pampu ya godoro la kujaza hewa, ukitazama mapovu yanapofura. Usithubutu kutumia kompresa ya mtengeneza matairi, kwa sababu shinikizo lake laweza kupasua chombo kizima.

Mara nyingi maji hayapiti kwenye ufa wowote, bali kwenye kizibo cha kutolea maji, au penye skrubu na ribiti za vishikio. Hapo badilisha washa ya mpira, kaza kwa kiasi, na kazi imekwisha. Ufa halisi hupenda kukaa chini ya tezi, mahali panapokwaruzwa kila unapoiburuta kayaki juu ya kabro za uani, na kwa zile za kukalia juu, hukaa pia kwenye kingo za matundu yanayopitisha maji kutoka sitaha hadi chini.

Sasa gundi. Niliwahi kuziba ufa wa kayaki yangu kwa epoksi ya bei ghali, na ilibanduka nzima kama ganda la yai katika safari ya kwanza. Kayaki nyingi za plastiki ni za polithini, ambayo uso wake una utelezi kama wa nta, na gundi nyingi, hata silikoni, hazina pa kushika. Matangi ya maji yaliyo juu ya paa zetu ni ya jamii hiyohiyo ya plastiki. Basi fundi wa jua kali anayechomelea matangi anaijua kazi hii kuliko muuzaji wa gundi, hata kama hajawahi kuona kayaki.

Ukiifanya mwenyewe, toboa kwanza kitundu cha milimita 3 katika kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Kwangua uso mpaka plastiki mpya ionekane, uisugue kwa spiriti, kisha chonga ufa uwe mfereji wenye umbo la V. Tafuta ukanda wa plastiki ya namna moja na kayaki. Kipande cha tangi bovu hufaa, lakini kijaribu kwanza mahali pasipoonekana: kiyeyushe, kiache kipoe, kisha ujaribu kukibandua kwa kisu. Kikibanduka, tafuta kingine. Zipo kayaki chache za polithini isiyoyeyuka tena, nazo hizo usizichomelee.

Polithini huyeyuka kwenye nyuzi 120 hadi 130 hivi za Selsiasi, kwa hiyo tumia hewa moto, si mwali wa gesi, na ufanyie kazi nje. Pasha mfereji na ukanda kwa pamoja hadi vyote viwili ving'ae kama vimelowa mafuta. Hapo ndipo unapousukuma ukanda ndani, sentimita moja baada ya nyingine, ukiukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kuyeyusha ukanda peke yake juu ya ufa uliopoa ndilo kosa la kawaida, nao hukaa juu kama uji uliomwagika. Moshi ukitoka au rangi ikigeuka kahawia, umeunguza. Kwangua uanze upya.

Iache ipoe yenyewe bila kuimwagia maji, maana plastiki iliyopozwa ghafla hujikunja. Kesho yake chonga palipotuna, urudishe ule mtungi wa lita 20 ndani, na upitishe tena karatasi ya shashi.