Kabla hujanunua kiyoyozi, anza na upepo

Ndugu zangu mnaojenga Shangani na kwingine karibu na bahari hapa Mtwara: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, basi elekezeni madirisha makubwa huko, na upande wa pili wa chumba muweke dirisha jingine ili hewa ipite. Dirisha moja peke yake halisaidii. Juu ya dari nako acheni matundu yenye wavu; joto la bati likikosa pa kutokea, linashuka chumbani hadi usiku.

Kiyoyozi bado unakitaka? Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kwa kawaida kinatoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), cha inveta ikiwezekana, yaani kinachopunguza na kuongeza kasi chenyewe. Kikubwa mno hupoza upesi na kukata kabla hakijakausha unyevu, na pwani unyevu ndio unaotutesa.

Chumvi hula zaidi kile kifaa cha nje. Nakuomba sana, mwambie fundi akifunge upande usiopigwa na upepo wa bahari, pasipobanwa. Kila mwezi zima umeme, kioshe taratibu kwa maji yasiyo na chumvi. Usitumie mashine ya presha: yale mapezi ya alumini, vibati vyembamba vilivyopangana kwenye kifaa hicho, hupinda hata kwa kidole.