Kabla buu wa chonga hajajifungia: mambo ya kuzingatia

Buu akishajichimbia chini na kujifungia ili awe bundo, yaani ile hatua ya kulala ndani ya ganda kabla hajawa dundu, mfugaji hana tena la kumfanyia. Hali chakula, hasogei, na mkono wako ukimfikia wakati huo unamwumiza. Kwa hiyo kazi yote ni ya kabla, wiki nne au tano kabla, wakati bado anatafuna na kunenepa.

Namzungumzia chonga, yule dundu mweusi mwenye pembe kichwani anayetoboa minazi. Kuanzia Mikindani hadi huku Lindi, ukipasua gogo la mnazi lililooza, au ukifukua lundo la samadi kuukuu, unaweza kuwakuta mabuu wake: weupe, wanene kama kidole gumba, kichwa cha kahawia, wamejikunja kama kulabu. Wa kwetu wa kwanza tulimpata tulipokuwa tunang'oa kisiki uani. Mpwa wangu akaomba tusimpe kuku, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikukosa ndoo ya mabuu.

Jambo la kwanza ni chombo, na kanuni ni moja: buu mmoja, chombo kimoja. Wakikaa wawili, yule ambaye bado anakula hupita akichimba, akavunja kijumba alichojijengea mwenzake aliyelala. Ndoo ya plastiki ya lita 5 inamtosha mmoja. Ukipata kopo kubwa linaloonyesha ndani ni bora zaidi, maana mara nyingine hujenga kijumba chake kikigusa ukuta na ukaweza kumwona bila kufukua kitu. Lizungushie kitambaa cheusi, ulifunue tu unapochungulia. Kifuniko kitoboe kwa msumari uliopashwa moto.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili tulilifanya sisi wenyewe. Usifunike chombo kwa kipande cha chandarua. Vyandarua vingi tulivyo navyo majumbani vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haichagui mbu wala chonga. Tumia kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa ikasuuzwa vizuri. Na chombo kisikae chumba kinachopuliziwa dawa ya mbu. Vilevile, ikifika Juni mashine za kupulizia salfa ya kuua ukungu zikaanza kunguruma kwenye mikorosho, mimi sikiachi dirishani. Lile vumbi la njano hupeperuka likatua juu ya kila kitu, na sitaki litue kwenye chakula chake.

Sasa malazi yake, ambayo ndiyo chakula chake pia. Chukua unga wa gogo la mnazi lililooza mpaka linavunjika mkononi, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu. Samadi mbichi ni hatari, kwa sababu bado inachacha, na ikichacha inatoa joto na kumaliza hewa. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukihisi fukuto, liache wiki kadhaa zaidi. Unyevu upime kwa ngumi. Ukifumbata konzi moja, ishikamane bila kutoa tone la maji, na ukiigusa kwa kidole ivunjike. Maji ya kulowanishia yawe ya mvua, au ya bomba yaliyolala wazi usiku mzima. Wengi wetu wa pwani tuna visima vya maji ya chumvichumvi, na hayo usiyatumie kabisa, kwa sababu maji yenyewe hukauka lakini chumvi hubaki ikiongezeka kila unapolowanisha.

Chini ya chombo shindilia tabaka la sentimita 10 kwa nguvu, kwa kiganja au kwa kitako cha mchi. Huko ndiko atakakojenga. Akikuta unga uliolegea, kuta za kijumba hubomoka, na yeye anahitaji nafasi iliyo wazi na laini ili pembe yake inyooke. Juu ya tabaka hilo jaza iliyobaki bila kuikandamiza.

Malazi haya yabadilishe mara ya mwisho buu akiwa bado mweupe, wakati ncha ya nyuma inaonekana nyeusinyeusi kwa ajili ya chakula kilichomo tumboni. Baadaye utaona amebadilika. Weupe unageuka rangi ya samli, ngozi inalegea na kukunjamana, na ule weusi wa nyuma unapotea kwa kuwa anamwaga tumbo lake lote. Kinyesi hicho ndicho anachokisiriba kwenye kuta za kijumba. Ukiona rangi hiyo, acha kufukua. Ila akizagaa juu ya unga siku tatu nne mfululizo bila kuzama, hajaridhika na alichowekewa: chunguza joto, maji na harufu kabla hujamlaumu.

Mahali pa kuweka: chini, sakafuni, upande usiopigwa na jua la mchana. Nyumba zetu za bati, miezi ya Novemba na Desemba kabla mvua haijakolea, huwaka kama tanuri. Kwetu ndoo hukaa kwenye kona ya mtungi wa maji, ambako hata adhuhuri pana ubaridi. Isimamishe juu ya jiwe ndani ya beseni lenye maji ili sisimizi wasivuke. Maji ya beseni yaangalie kila asubuhi, kwa sababu bundo hana miguu ya kukimbilia, na sisimizi wakimfikia wanammaliza.

Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ukibandike kwenye ndoo. Akishajifungia hukaa kama wiki moja amenyooka, hatumii tena miguu, ndipo anaambua ganda na kuwa bundo. Bundo huwa laini na mweupe kwanza, kisha anakuwa wa kahawia. Pembe inaonekana kichwani na miguu imekunjwa juu ya kifua, na dume pembe yake ni ndefu zaidi. Hukaa hivyo wiki tatu hivi, kwenye baridi ya Julai zaidi kidogo. Ukiguswa ukuta wa kijumba, anazungusha tumbo, na ndiyo alama kwamba yu hai. Usiitafute alama hiyo kila siku.

Andaa pia kijumba cha dharura, maana ndoo hupinduka na watoto ni watoto. Chukua lile bomba la karatasi la katikati ya tishu, lizibe upande mmoja, ndani tandika tishu zenye unyevu na uzikandamize ziwe laini zisizo na mikunjo. Nafasi iwe ndefu mara moja na nusu ya urefu wa bundo, ilale mshazari kidogo, upande wa kichwa uwe juu kuliko wa mkia. Mhamishe kwa kijiko, usimshike kwa vidole, na umlaze kwa mgongo. Kama bado ni mweupe, subiri akauke siku mbili tatu, isipokuwa kijumba kimejaa maji. Aliyekuwa mweusi tii na ananuka amekufa. Aliyekakamaa akaota unga wa kijani ameuawa na kuvu. Mfukie mbali pamoja na malazi yake yote, na ndoo uisugue kwa sabuni kabla hujaitumia tena.

Kuna jambo moja la ujirani ambalo lazima ulifikirie mapema. Wenye minazi hupanda juu na waya wenye ncha kumvuta chonga kutoka kwenye moyo wa mnazi, na wakiona kuti lililochanua likiwa limekatwa kama kwa mkasi wanajua nani kapita. Kwa hiyo yule utakayemlea usimwachie huru. Ukiona huwezi kumtunza mpaka afe mwenyewe, ni afadhali usimchukue.

Akitoka kwenye ganda la bundo, mabawa yake ya juu ni meupe, yanageuka mekundu kisha meusi. Hapo bado hajawa tayari. Atabaki kijumbani wiki mbili hadi tatu akikomaa, bila kula. Mwache apande mwenyewe. Weka ndizi mbivu tayari na kipande cha muwa, na juu ya kifuniko weka jiwe zito, kwa sababu atatoka usiku, na ana nguvu ya kukisukuma.