Kumtayarisha mtoto kwa picha ya MRI: somo kwa wazazi wa Mombasa

Wazazi wenzangu, mimi ni muuguzi wa watoto hapa Mombasa, na wengi mmeniomba somo hili kwa sababu daktari akishaandika ile karatasi ya MRI, mzazi hurudi nyumbani na hofu tu, hana maelezo. Nitaanza na ninachokiamini zaidi: picha nyingi za watoto huharibikia nyumbani, kabla ya mtoto kufika hospitali, pale anapodanganywa. Anaambiwa anapelekwa bustani ya Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga, kisha tuktuk inakata kona kwenye geti la hospitali. Toka hapo hamwamini mama, hamwamini muuguzi, na hawezi kutulia.

Kwanza mjue mashine yenyewe. MRI ni sumaku kubwa yenye tundu katikati, na kitanda chembamba kinachoteleza kuingia humo. Nyingi za hospitalini zina nguvu ya tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au 3, hiyo 1.5 peke yake ni zaidi ya mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyomo mwilini. Picha hujengwa polepole, sehemu baada ya sehemu, kwa muda wa dakika 20 hadi saa nzima, na mtoto akisogea inatoka na ukungu. Kwa hiyo matayarisho yote yanalenga jambo moja, nalo ni kutulia.

Hatua ya 1: Siku unapopewa tarehe

Usiondoke dirishani na tarehe peke yake. Uliza kama mtoto atapigwa picha akiwa macho au atapewa dawa ya usingizi. Uliza kama atadungwa ile dawa ya kung'arisha picha, na kama atahitaji kipimo cha figo kabla yake. Kama mnatumia SHA, bima ya afya ya serikali, ulizia habari ya idhini hapo hapo, usingoje asubuhi ya miadi.

Na wewe sema yako. Mtoto aliyewahi kufanyiwa upasuaji na kuwekewa kitu chochote mwilini, aliye na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, mwenye mzio, mwenye shida ya figo, au aliyemeza sarafu au betri ya saa na hamkumbuki kama ilitoka: yote yasemwe. Ukiwa na karatasi za upasuaji, zibebe. Jina la kifaa lililoandikwa humo ndilo linaloamua kama mtoto ataingia kwenye mashine.

Hatua ya 2: Mwambie ukweli, kwa kadiri ya umri wake

Mtoto wa miaka mitatu mwambie jioni ya kuamkia siku hiyo au asubuhi yake. Ukimwambia wiki nzima mapema atabaki na wasiwasi asiouelewa. Wa miaka saba na kuendelea mpe siku kadhaa, maana huyo ana maswali na anahitaji muda wa kuyauliza.

Maneno yawe mepesi: "Tunaenda hospitali. Kuna mashine itapiga picha ya ndani ya kichwa chako. Haiumi. Ina kelele nyingi. Kazi yako ni kulala bila kusogea mpaka wakwambie tayari."

Sasa sindano, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Kama atadungwa, mwambie atadungwa na itauma kidogo. Wala usimuahidi kwamba ni mara moja tu, kwa sababu mshipa wa mtoto ambaye hajala wala kunywa huwa mgumu kupatikana. Nimeona mtoto aliyeambiwa njia nzima kuwa hakuna sindano. Trei ilipowekwa mezani, na kanula (kimrija cha kuingiza mshipani), pamba ya spiriti na plasta zikionekana wazi, hakunitazama mimi. Alimgeukia mama yake, akamtazama kwa muda mrefu, ndipo akaanza kupiga mateke. Picha haikupigwa siku ile, na sindano haikuwa sababu.

Na jamani, lile la "ukilia daktari atakudunga" tuliache. Mnatuletea watoto waliokwisha fundishwa kwamba sindano ni adhabu.

Hatua ya 3: Mazoezi ya nyumbani

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayosaidia zaidi mtoto atakayeingia akiwa macho. Funika meza ya kulia kwa leso mbili, moja kila upande, uache wazi upande wa miguu. Tandika mkeka chini. Mlaze chali kichwa kikiwa ndani, mkunjie taulo mbili uziweke kushoto na kulia kwa masikio, kama watakavyomfanyia. Ikiwa ni picha ya kichwa, atawekewa kifuniko cha plastiki chenye nafasi ya macho juu ya uso, na kitu hicho huwashtua watoto kuliko tundu lenyewe. Mzoeze kwa chujio kubwa la plastiki. Mwanasesere wake aanze, yeye afuate.

Kisha sauti. Mashine hugonga, hunguruma, hunyamaza, halafu huanza kwa mlio mwingine kabisa. Mtandaoni kuna rekodi nyingi za sauti hizo. Mchezeshee kwa simu, chini kwanza, halafu ongeza siku hadi siku. Siku yenyewe atazibwa masikio au kuvishwa vipokea sauti, na hilo mwambie pia.

Cheza naye mchezo wa sanamu: dakika mbili, kisha tano, kisha kumi. Mfundishe kumeza mate kabla mlio haujaanza, na kwamba pua ikimwasha angoje kimya kifike. Mwonyeshe kuwa hata akichezesha vidole vya miguu kichwa hutikisika. Muwekee kikombe kitupu cha plastiki kifuani akione kinavyocheza. Mikono ikae kando, isishikane wala miguu isipishane, kwa sababu ngozi kugusana hivyo ndani ya mashine kunaweza kuleta joto la kuunguza.

Hatua ya 4: Chuma

Sumaku haizimwi. Hata kama hakuna kelele na hakuna mgonjwa ndani, ipo kazini. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka sita alifariki kwa sababu mtungi wa oksijeni uliingizwa chumbani akiwa kwenye mashine. Ndiyo maana wahudumu wa mlangoni wanakagua, wanauliza, halafu wanauliza tena. Msikasirike nao.

Kwetu sisi Pwani orodha ni ndefu: hereni, kipini, kikuku, bangili, hirizi, vibanio vya nywele, shanga zenye kung'aa, nguo ya sikukuu yenye nyuzi za zari. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini hupata joto na kuchafua picha, kwa hiyo nayo inavuliwa. Hereni zilizokaza zivueni nyumbani mkiwa na utulivu na sabuni, si mlangoni huku foleni inangoja. Mvishe nguo laini ya pamba isiyo na zipu wala vifungo vya chuma, ingawa huenda wakambadilisha.

Mzazi atakayeingia naye anakaguliwa vile vile: pini za mtandio, sidiria yenye waya, funguo, saa, simu, kadi ya benki. Mwenye mimba amwambie mhudumu mapema. Hospitali nyingi hazimruhusu kubaki chumbani wakati mashine inafanya kazi, kwa hiyo pangeni shangazi au baba awepo.

Hatua ya 5: Kula na kunywa

Hii ni kwa mtoto atakayelazwa kwa dawa ya usingizi. Kawaida chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Hospitali yako ikikupa saa tofauti, fuata zao. Chai ya maziwa si maji. Uji ni chakula. Ubuyu mmoja mdomoni ni chakula. Sababu ni kwamba aliyelazwa anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Waambie wote nyumbani, bibi zaidi, maana huruma ya bibi kwa mjukuu anayelia njaa inajulikana.

Dawa za kifafa usizisimamishe kwa kichwa chako. Muulize daktari, mara nyingi huagiza apewe kwa maji kidogo. Akipata homa, kikohozi au mafua mazito siku za karibu, piga simu kabla ya kutoka. Daktari wa usingizi anaweza kuahirisha, na ni afadhali uambiwe ukiwa nyumbani.

Hatua ya 6: Siku yenyewe na baada yake

Mnaotoka Likoni hesabuni foleni ya feri. Wa Kisauni na Bamburi, daraja la Nyali asubuhi mnalijua. Chumba ni baridi, bebeni soksi na sweta ya kuvaa akitoka. Watu wazima wawili waje kama inawezekana.

Aliyelazwa akiamka huwa mlegevu, pengine analia bila sababu. Mpe maji kidogo kidogo kwanza, kisha chakula chepesi. Kurudi nyumbani asipandishwe boda. Apakatwe ndani ya gari au tuktuk, kichwa kimeinuliwa, mtu akimwangalia anavyopumua. Siku hiyo hakuna baiskeli, hakuna kupanda ngazi peke yake, hakuna kuogelea baharini.

Maswali yenu wazazi

*Baba wa Changamwe: Mwanangu alishapigwa eksirei na CT. Nikiongeza MRI si mionzi inazidi?*

Hapana, kaka. Eksirei na CT zinatumia mionzi. MRI haina hata chembe ya mionzi hiyo, na ndiyo sababu moja madaktari wa watoto huipenda mtoto anapohitaji picha za mara kwa mara.

*Mama wa Kisauni: Bibi yake amemfunga hirizi na hataki kusikia ikifunguliwa. Nifanyeje?*

Mheshimu bibi, umweleze kabla ya siku. Hirizi nyingi zina kifuko cha bati au waya ndani, na hatuwezi kuipasua kuangalia. Mwombe yeye mwenyewe aje, aifungue kwa mkono wake mlangoni, aishike muda wote, kisha amfunge tena mtoto akitoka. Kwa njia hii hakuna bibi aliyewahi kunikatalia.

*Dada wa Majengo: Na wanja? Na hina, tumetoka harusini juzi?*

Wanja msafishe kabisa kwa mafuta usiku wa kabla, kope na nyusi pia. Baadhi una chembe za madini zinazoharibu picha ya macho na ubongo na kuwasha ngozi. Hina ya majani haina tatizo. Ile nyeusi iliyochanganywa, mwonyeshe mhudumu.

*Mama wa Bamburi: Mtoto wangu ana shanti, ule mrija wa kutoa maji kichwani, ya kichwa maji. Ataingia?*

Watoto wengi wenye shanti hupigwa MRI. Swali ni aina ya vali, yaani kile kifaa cha kwenye shanti kinachopima maji yanayotoka. Zipo zinazorekebishwa kwa sumaku kutoka nje, na MRI inaweza kubadilisha kipimo chake, kwa hiyo lazima ikaguliwe baada ya picha, na mpango huo uwekwe kabla. Leta kadi ya shanti. Akianza kutapika, kuumwa kichwa au kusinzia kupita kawaida baada ya hapo, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

*Baba wa Tudor: Wangu ana wiki sita. Lazima alazwe kwa dawa?*

Si lazima, kaka. Kwa watoto wa chini ya miezi mitatu hospitali nyingine humnyonyesha mtoto muda mfupi kabla, humfunga vizuri kwa shuka, akalala mwenyewe. Uliza kama wanafanya hivyo. Wakikubali, mwache macho njiani na usimnyonyeshe mpaka wakwambie.

*Mama wa Likoni: Wa kwangu ana sikosel (selimundu) na anaambiwa afunge kula toka usiku. Naogopa.*

Una haki ya kuogopa, mama, na hili ulipeleke kwa daktari leo, usingoje siku ya picha. Kukosa maji na baridi vyote huweza kumletea maumivu. Omba awe wa kwanza asubuhi, uliza kama atawekewa dripu wakati wa kufunga, na uhakikishe anapewa maji matupu mpaka saa ya mwisho inayoruhusiwa. Mkumbushe mhudumu kumfunika vizuri mle chumbani.

*Mama wa Mvita: Naweza kumsomea Qur'ani akiwa ndani?*

Kelele zitameza sauti yako. Uliza kama vipokea sauti vyao vinaweza kucheza usomaji aliouzoea. Wewe mshike mguu. Mwambie tangu nyumbani kwamba mkono ulio kwenye mguu ni wako, na mashine ikinyamaza utamminya mara moja kumjulisha kuwa bado upo.

*Shangazi wa Mikindani: Majibu tunapewa pale pale? Mhudumu alikataa kutuambia kitu.*

Anayeendesha mashine haruhusiwi kusoma picha kwa mgonjwa. Husomwa na daktari wa redioloji, ripoti ikaenda kwa daktari aliyewatuma. Uliza itakuwa tayari lini, na dai CD ya picha uiweke pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu akipigwa nyingine mwakani watahitaji ya zamani kulinganisha.